Chakula Chenye Majina

Haboba Keji amekufa, na mimi nimerudi kutoka matanga yake kisiwani Gondokoro na matope mpaka magotini, umri huu. Haboba ndivyo bibi anavyoitwa hapa Juba, na wajukuu wangu wanne wananiita hivyo hivyo, ingawa mimi ni mtu wa Kitale na nilipofika hapa sikujua Kiarabu cha Juba ila neno moja, mafi, yaani hakuna, kwa sababu ndilo nililojibiwa kila nilipoulizia kitu sokoni. Sasa nyumba yangu iko Gumbo, ng'ambo ya daraja, na nimekaa mlangoni na daftari la mjukuu wangu Poni, kurasa za nyuma ambazo hajazitumia. Poni ni wa kwanza darasani, na sisemi wa kwanza ukihesabu kutoka chini, kama watoto wa watu fulani hapa jirani. Aliponiona nimeshika kalamu aliniuliza, "Haboba, unaandika nini?" Nikamwambia naandika habari za mwaka nilioanza kuwa mtu. Akauliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia arobaini na mmoja, akacheka mpaka akakaa chini. Acha acheke. Wengine mwaka wao wa kutengenezwa huwakuta wakiwa na miaka kumi na saba. Mimi kabla ya huo nilikuwa nimekua tu, kama boga linavyokua, bila kuulizwa.

Ulikuwa mwaka ule wa uhuru na bendera mpya. Juba ilijaa Wakenya na Waganda waliokuja na mikoba yao kufundisha, kuhesabu, kujenga na kuuza, na wengi walilala mtaa wa Hai Amarat, katika hoteli kama ile niliyopikia mimi. Vyumba vyake vilikuwa makontena ya chuma yaliyotobolewa madirisha. Mchana ungeweza kukaanga yai juu ya paa. Chumba changu kilikuwa nusu kontena nyuma ya jiko, nusu nyingine vilikaa vitunguu, na mpaka leo nikisikia harufu ya vitunguu vibichi nahisi usingizi. Dirisha la jiko lilifunguka upande wa meza za wageni, kwa hiyo nilisikia yote: nani kahamishwa, nani kampigia mkewe simu akisema yuko ofisini ilhali ana mguu wa kuku mkononi. Wageni nao walinizoea. Walikuwa wakiingia wanachungulia kwanza dirishani kwangu. "Mama Rael, leo kuna nini?" Na mimi niliwajibu ninavyojibu. Mmoja alipolalamika kwamba supu imepoa nilimwambia, "Ilikungoja saa nzima, baba, hata wewe ungepoa."

Ndiyo sababu ya matatizo yangu na meneja. Aliitwa Bwana Mugisha, Mganda mrefu aliyevaa viatu vyeupe katika mji usio na lami, na hilo peke yake lingetosha kumjua. Pale mapokezi alikuwa na kitabu cha wageni chenye jalada jekundu, kimefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza kama mbuzi. Kila Jumatatu asubuhi aliniita, akakifungua, akanisomea. "Hapa mugeni anasema, mupishi iko na mudomo mubaya." Kisha anafunga kitabu. Nilikuwa nasimama pale na mikono ya unga nikiitikia. Ningefanya nini? Mimi sikujua kusoma. Darasa la pili niliondoka nikiwa najua jina langu tu, herufi nne, na hizo nilizichora kama mtu anavyochora kikombe. Hakuna aliyejua. Nilishika gazeti kama wengine, nikageuza kurasa, nikatikisa kichwa penye picha za wakubwa.

Jumatatu moja alisoma akaweka kidole juu ya ukurasa. "Mama Rael, hii iko ya tatu. Jumamosi tunapeleka wageni Gondokoro. Mugeni hata moja akilalamika huko, Jumatatu wewe iko kwa basi." Nilirudi jikoni nikakata kabeji moja vipande vidogo ambavyo hakuna aliyeviomba. Binti yangu alikuwa kidato cha tatu, na shule yake yote ilitoka katika sufuria zile. Tena nilikuwa nimeshawaambia watu wote wa Kitale kwamba mimi ndiye mpishi mkuu wa hoteli ya kimataifa. Ungerudije kutoka hapo?

Safari ya Gondokoro ilikuwa ndoto ya Mugisha mwenyewe. Aliona wageni wanakaa Jumamosi nzima wakitazama simu, akasema hapana, kuna kisiwa katikati ya mto, kuna ndege, kuna mashamba, kuna ng'ombe na mila, twende tukakione kwa siku moja na chakula juu yetu. Alimpata Mwalimu Wani awe kiongozi, mzee aliyezaliwa kisiwani na kufundisha jiografia mpaka akastaafu. Chakula kilikuwa changu. Mugisha alinunua mikebe minane ya plastiki yenye vifuniko, akabandika plasta kwenye kila kifuniko na kuandika jina la mgeni kwa mwandiko wake mzuri, kwa sababu kila mmoja alikuwa na masharti yake. Bwana Mutiso wa benki hakuweza kuona yai bila kichefuchefu. Dada Faith, wa shirika la maji, hakula nyama. Hassan, mtu wa Garissa aliyeuza unga na mafuta kwa jumla, alitaka nyama iliyochinjwa Kiislamu, na ya wote nikainunua kwa binamu yake ili nisihangaike. Wengine watano walikuwa na yao. Mugisha aliniuliza, "Umeona majina?" Nikasema nimeona. Kuona niliona. Nikaipanga mikebe kwenye kreti kwa safu, kutoka kushoto Mutiso, Faith, Hassan, na kuendelea, nikakariri ile safu asubuhi nzima kama sala.

Tulivuka kwa boti ya injini. Mwendesha boti alikuwa Jada, mpwa wa Haboba Keji ambaye tulikuwa tunakwenda kula kwake, mwanamume mnene asiyependa kuzungumza kabla ya saa sita. Nilikaa nimekumbatia kreti yangu. Mto ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na Mwalimu Wani alisimama mbele na karatasi zake kumi na moja akatusomea habari za udongo. Tulipofika, Jada alitega ubao wa kushukia. Mugisha akakataa mkono wa mtu, akatanguliza kiatu cheupe, ubao ukateleza, na kitu cha karibu alichokishika ni kreti yangu. Yeye alibaki amesimama. Kreti ilikwenda chini na mikebe ikatawanyika kwenye matope kama kuku waliofunguliwa. Jada aliiokota mmoja mmoja, akaifuta kwa shati lake, akairudisha bila mpango wowote. "Mafi mushkila," akasema. Hakuna tatizo. Nilitazama ile safu mpya na sikumjua Mutiso wala Faith.

Kwa hiyo kisiwa nilikiona kwa jicho moja, lile jingine lilikuwa kwenye kreti. Lakini nilikiona. Mwalimu Wani alitupitisha kwenye mashamba ya bamia na mihogo, akatuonyesha mahali mto ulipokula ardhi msimu uliopita na upande wa pili ulipoirudisha, akasema kisiwa hiki hutembea ila watu wa Juba hawana subira ya kukitazama. Akatuonyesha ghala la mtama juu ya miguu yake, na jinsi panya anavyoshindwa kulipanda. Alijua kila ndege kwa jina na kwa tabia. Mutiso alikuwa akinyoosha simu juu kutafuta mtandao, Mwalimu akadhani anauliza jambo, akamjibu. Kwenye ng'ombe Hassan alichangamka. Palikuwa na fahali mweupe mwenye pembe ambazo usingezikumbatia.

"Mwalimu, huyu anauzwaje?"

"Hauzwi."

"Kila kitu kinauzwa, Mwalimu. Ni kuzungumza tu."

"Kijana aliyemlea anaitwa kwa jina la fahali huyu. Ukimnunua itabidi umchukue na kijana, naye anakula sana."

Hassan alifikiri kidogo kama mtu anayepima jambo. Faith alicheka mpaka akapoteza miwani, na mimi nikacheka pia, kisha nikakumbuka kreti.

Nyumbani kwa Haboba Keji tulipokewa ndani ya rakuba, kibanda cha nguzo na nyasi kisicho na kuta, pazuri pa upepo. Alikuwa mwanamke mfupi, mdomoni ana kiko kisicho na tumbaku, shangazi yake Mwalimu Wani, na mambo ya ardhi ya upande ule wa kisiwa yalisikilizwa kwake. Alikuwa amesimama na birika la maji na bakuli tayari kutunawisha mikono. Nyuma yake niliona sinia kubwa limefunikwa. Nilijua ni nini, pua yangu haijawahi kunidanganya: kisra, ile mikate myembamba ya mtama, na mchuzi wa bamia na samaki mkavu. Kabla sijafungua mdomo Mugisha akasema, "Mama Rael, gawa." Alitaka twende haraka, saa kumi tuwe mjini.

Nikagawa. Nilitazama kila mkebe kama ninayesoma, nikampa aliye karibu. Nilijiambia labda Mungu atapanga. Mungu hakupanga. Mutiso alifungua akakutana na mayai mawili yanamtazama, akageuka ukutani ila ukuta haukuwepo. Faith alifungua akapata mbavu za mbuzi. Hassan akainua wake juu, "Grace ni nani? Mimi nimepewa Grace." Grace alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alikuwa ameshauma chapati ya mtu mwingine. "Hiyo ni yangu, soma jina." "Basi nipe yangu kwanza." "Usishike, umeshashika." Watu wazima wanane wenye kazi zao walisimama wakivuta mikebe mikononi mwa wenzao, na Mugisha katikati akiniuliza mimi, "Wewe hauoni majina? Hauoni?"

Haboba Keji aliweka birika chini. Akamwambia Mwalimu Wani neno kwa Kibari, lugha yao.

"Shangazi anauliza mmegombania nini," akasema Mwalimu.

"Hatujagombana, Mama," Faith akajibu, na mkono wake bado uko kwenye mkebe alioshika Mutiso.

Mwalimu akatafsiri. Haboba Keji akajibu kirefu, na Jada aliyekuwa amejilaza akainua kichwa. "Anasema macho yake hayajaharibika. Anasema chakula chenye kifuniko na alama ya mwenyewe amekiona mara moja tu maishani, kwa ndugu wawili waliokuwa wanaogopana sumu. Anauliza kati yenu anayeogopwa ni nani."

Mugisha akajaribu kucheka. "Ambia yeye sisi iko marafiki."

Alipotafsiriwa, Haboba Keji alitoa kiko mdomoni ili acheke vizuri. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa la kucheka. Pale kwao watu wenye kisirani hawavuki mto katika boti moja. Hasira ina uzito, na mto ukiwa umejaa hauchukui uzito usioonekana. Kama tumegombana, tuseme, tupatane, tule, ndipo tuvuke. Jada alinyanyuka bila kuambiwa, akaenda kwenye boti, akafungua plagi ya injini, akarudi nayo ndani ya mfuko wa shati. "Kalas," akasema, yaani basi, akalala tena.

Mutiso alikuwa mtu wa benki, alitaka jambo limalizike. Akaninong'oneza atatunga ugomvi mdogo, tupatanishwe, twende. Akasema kwa sauti, "Sawa, mimi nina ugomvi na Dada Faith. Ananing'inizia nguo zake mbele ya dirisha langu." Faith akageuka polepole. "Kumbe ni wewe uliyezitupa chini? Nilidhani ni upepo. Na hiyo simu yako inayowika kama jogoo alfajiri, kila siku, hata Jumapili, na huamki, Mutiso, huamki, tunaamka sisi." Walikuwa majirani wa kontena, ukuta wao ni bati. Mutiso alikuwa ameanza na uongo, akajikuta amesema ukweli, na dakika kumi baadaye alikuwa akiomba msamaha kwa uchungu wa kweli, na Grace akawa amedakia la kwake kuhusu foleni ya bafu. Mwalimu Wani alitafsiri yote, jasho linamtoka. Haboba Keji alisikiliza foleni ya bafu kama kesi ya mauaji. Hassan naye akasema alishaacha kula kwangu tangu alipoona soseji, hakujua ni za nini. Nikamwambia, "Hassan, soseji zile ni za ng'ombe, na nyama yote ya jiko lile nanunua kwa Abdi, binamu yako. Muulize." Akashika kichwa. Alikuwa amekula mikate mikavu miezi miwili.

Halafu yule mama akanigeukia mimi. Mwalimu akasema, "Anauliza, na wewe uliyegawa, kwa nini umempa kila mtu cha mwenzake?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari. Matope. Haraka. Jada. Lakini Haboba Keji alikuwa ameuokota mkebe mmoja na anaitazama ile plasta, na niliona ameushika jina juu chini. Aliuzungusha, akautazama tena, akatikisa kichwa taratibu, vile vile kama mimi na gazeti. Nilimjua. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu akifanya hivyo kwa nje, na kwa nje inaonekana wazi kabisa, hata mtoto angejua. Nikasema, "Mimi sijui kusoma."

Kwa Kibari ilikuwa fupi kuliko nilivyotegemea. Yeye akaitikia kwa kichwa tu, kama nimesema natoka Kitale. Ila Mugisha alifungua mdomo. "Lakini kila Jumatatu mimi nasomea wewe kitabu."

"Ndiyo," nikasema. "Unanisomea."

"Kitabu gani?" Faith akauliza.

"Cha wageni. Mlivyoandika kwamba nina mdomo mbaya. Nanyi mkilalamika leo, kesho kutwa nipo kwenye basi."

Faith akavua miwani. "Mama, niliandika mimi. Niliandika nusu ukurasa. Niliandika kwamba mpishi ana mdomo mbaya na kwamba maharagwe yake ndiyo yamenizuia kuhama, na siku akiondoka yeye naondoka mimi." Mutiso akasema naye aliandika habari za chapati. Grace hakukumbuka aliandika nini ila halikuwa baya. Wote wakamtazama Mugisha, na Mugisha akatazama viatu vyake, ambavyo havikuwa vyeupe tena.

Haboba Keji akavuta mkono wa shati la Mwalimu aelezwe. Alipomaliza kuelezwa akamnyooshea Mugisha kiko. "Anasema," Mwalimu akasema, na nilimwona anatamani asitafsiri, "kumbe aliyefunika chakula ni huyu."

Mugisha akapangusa tope kiatuni. Watu wengine wangekasirika. Yeye akasema, bila kumtazama mtu, "Mugeni akiingia anauliza, Mama Rael iko? Kila mutu. Mimi nasimama hapo na tai. Hakuna hata moja anauliza, meneja iko?"

Sinia likafunuliwa. Haboba Keji alifungua mikebe yote minane kwa mkono wake akaimwaga pembeni ya kisra yake, mbuzi huku, maharagwe kule, mboga mbele ya Faith, na mayai akayaweka upande wa Jada, mbali na Mutiso. Vifuniko akampa mbwa alambe. Tulinawa kutoka birika moja, tukakaa duara, na mimi nikawekwa kando ya Mugisha, bega kwa bega. Hakujua kula kisra kwa vidole, mchuzi ulimshuka mpaka kwenye saa. Nilimsogezea ubavu wa mbuzi. Sikumsamehe siku hiyo, nisiseme uongo. Nilikula naye tu, na Haboba Keji akaona inatosha, akamtikisa Jada kwa mguu arudishe plagi.

Jumatatu hakuna aliyeniita mapokezi. Safari za Gondokoro ziliendelea mwaka ule mzima, na hakuna mkebe uliopanda boti tena, nilipeleka sinia. Plasta zilizobaki alizichukua Mwalimu Wani. Alikuwa akiandika majina ya wageni wa siku hiyo, akanibandikia kwenye ubao wa boti mbele ya magoti yangu, nikawasoma tunapovuka. M nilijifunza kwa Mutiso, F kwa Faith, na H ilinitesa mpaka nikamwona Hassan ndani yake, miguu miwili na mkanda. Kabla mwaka haujaisha nilijifuta mikono nikaenda mapokezi mwenyewe, nikafungua kile kitabu chekundu, nikaisoma nusu ukurasa ya Faith kwa kidole tangu chai ya asubuhi mpaka karibu chakula cha mchana. Wali ukaungua. Chini yake nikaandika maneno yangu ya kwanza ambayo si jina langu: Meneja anakula peke yake jikoni akidhani hatumwoni. Aje mezani. Rael.

Leo kwenye matanga nilimwona kabla hajaniona. Kichwa cheupe, viatu vyeupe, amekuja na basi kutoka Kampala. Jada ndiye aliyempigia. Wajukuu wa Haboba Keji wanaofanya kazi mjini walikuwa wameagiza chakula cha waombolezaji kwenye vifurushi, kila mtu na chake, kimefungwa vizuri, na wale kina mama wa kisiwani walivishika mapajani wakatazamana. Mugisha akasimama. "Lete sinia," akasema. Msichana mmoja akamwambia kwa adabu, "Mzee, hivyo vimehesabiwa kwa watu." "Mimi najua, mama. Mimi iko mutu ya kupanga." Akakunja mikono ya shati, akafungua kimoja baada ya kingine, akavimwaga vyote pamoja kwenye sinia lile lile la marehemu, mchuzi ukamrukia kwenye viatu na hakuutazama.

Kisha akaja akakaa kando yangu, magoti yanalia.

"Mama Rael. Hoteli ilifungwa, unajua. Vitu vyote vilienda. Ile kitabu mimi nilibeba."

"Kitabu kipi?"

"Ile nyekundu. Iko kwa nyumba yangu. Ukurasa ya wewe iko."

"Umeusoma?"

"Yote," akasema, akanisogezea ubavu wa mbuzi.